Acha Aseme Mwenyewe: Namna ya Kumsaidia Mtu Mwenye Ulemavu wa Akili Kusimulia Maisha Yake

Miaka michache iliyopita nilisimama mbele ya watu kama sitini katika ukumbi wa kanisa hapa Busia, upande wa Uganda, nikasimulia maisha ya mdogo wangu. Mdogo wangu ana hali ya Down, ulemavu wa kuzaliwa nao unaomfanya ajifunze polepole. Nilieleza alivyozaliwa, majirani walivyomwambia mama kwamba amelogwa, alivyochelewa kutembea, alivyokataliwa shuleni. Watu walilia. Kina mama wawili walinikumbatia. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi safu ya mbele, shati limepigwa pasi, ananisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho. Tukiwa njiani kurudi nyumbani akaniuliza, "Dada, mbona hukusema nyanya?"

Nilidhani anamtaja nyanya yetu mzaa mama, ambaye alikwisha kufariki. Akatikisa kichwa. "Nyanya za sokoni."

Hiyo ndiyo kazi yake. Kila asubuhi anamsaidia mama mmoja sokoni kupanga nyanya kwa mafungu. Zilizoiva sana hukaa mbele zitoke leo, zenye ukijani hukaa nyuma zingoje kesho, na hakosei. Wachuuzi wengine humwita awapangie na wao. Nilikuwa nimeongea nusu saa nzima juu ya maisha yake bila kutaja jambo analojivunia kuliko yote. Niliyoyasimulia yalikuwa maisha yangu mimi dada mtu, na uchungu wa mama yetu, kisha nikayapa jina lake.

Tangu siku ile nimekaa naye, na pia na familia nyingine za hapa Busia na Tororo, tukijifunza kusimulia upya. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya dada, kaka, mzazi, mwalimu au mhudumu wa jamii ambaye angependa mtu wake mwenye ulemavu wa akili au wa ukuaji asikike kwa sauti yake mwenyewe. Ni kazi ya majuma kadhaa. Ukitaka imalizike kwa siku moja, utaishia kusimulia wewe.

Hatua ya kwanza: safisha maneno yako

Kwetu watu wengi huchanganya ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili. Mtu mwenye ulemavu wa akili hupata shida zaidi ya wenzake katika kujifunza, kuelewa na kujitegemea, na hali hiyo huanza utotoni. Ugonjwa wa akili, kama sonona, unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, na una matibabu yake. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, lakini ni mambo mawili tofauti. Ulemavu wa ukuaji ni jina pana zaidi, na ndani yake mna usonji (autism), kupooza kwa ubongo na hali ya Down. Kumbuka pia kwamba si kila aliyepooza ubongo ana ulemavu wa akili. Wako wengi wanaoelewa kila neno unalosema, ila misuli ya mdomo haiwatii. Nimemwona kijana wa namna hiyo akizungumziwa kama mtoto wa miaka mitatu na wageni wa nyumbani kwao, naye akiwatazama tu, machozi yakimlengalenga.

Sababu nazo uzijue, kwa maana hadithi nyingi za kwetu huanza na "nani alimroga". Hali ya Down hutokea kwa sababu seli za mtu zina nakala tatu za kromosomu ya 21 badala ya mbili. Kupooza kwa ubongo hutokana na ubongo kuumia au kutokua sawasawa kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, kwa mfano mtoto akikosa hewa au akipata manjano kali ya watoto wachanga, ile ya ngozi na macho kuwa njano, isiyotibiwa. Malaria iliyopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo pia huweza kumwachia mtoto ulemavu. Hakuna hapo laana, wala dhambi ya mama. Msimuliaji akitaka kusema kwamba watu walimwita mtoto wa laana, na aseme, maana ndivyo ilivyokuwa. Wewe usiyaandike kana kwamba huenda ni kweli.

Maneno kama taahira, zuzu, punguani, na yale ya Kiganda, kasiru na kateyamba, yaache nje ya kalamu yako. Sheria yetu yenyewe ilikuwa na matusi ya namna hiyo. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliyakataa maneno ya dharau yaliyokuwa yakitumiwa kwa watu wenye ulemavu wa akili katika sheria ya jinai, kwa kuwa yanavunja utu wao. Ikiwa mahakama imeona, na sisi wa nyumbani tuone. Ila msimuliaji akitaka kutaja jina la dharau aliloitwa, libaki kama alivyolitamka. Hilo ni lake.

Kisha muulize yeye anajiitaje. Mdogo wangu hasemi "nina hali ya Down". Husema, "Mimi najifunza polepole." Basi ndivyo tunavyoandika.

Hatua ya pili: omba ruhusa, na usiombe mara moja tu

Nimekuta familia ambamo ruhusa ilitolewa na mjomba, mwenye kusimuliwa hata hana habari. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 12 cha mkataba huo kinasema watu wenye ulemavu ni sawa na wengine wote mbele ya sheria. Kifungu cha 27 cha Katiba yetu kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 nayo inataka ridhaa kabla ya kukusanya taarifa za mtu. Aliye chini ya miaka 18 huombewa ridhaa kwa mzazi au mlezi, lakini naye aulizwe. Aliye mtu mzima aulizwe yeye kwanza.

Usimuulize, "Unakubali hadithi yako itumike?" Swali hilo ni la ofisini. Mimi huchukua picha kwenye simu: ya mama yetu, ya mwanamke wa nyanya, ya mwalimu, ya redio, ya umati wa watu. Naziweka mezani moja moja. "Huyu asikie?" Mdogo wangu alikubali mama, mwanamke wa nyanya na redio. Umati aliukataa, akaigeuza ile picha chini juu. Nilishangaa, kwa sababu redio ina watu wengi kuliko umati wowote. Nilipomwuliza akanijibu, "Redio hawanioni." Sababu hiyo ilinitosha, na tungekuwa tumeikosa kama tungemwekea karatasi ya kutia dole gumba.

Rudia kumwuliza kila mara mnapoanza, na tena kabla hujampa mtu mwingine chochote. Anaweza kubadili mawazo hata siku ya mwisho. Kwa asiyezungumza, tazama mwili: anageuza uso, anaziba masikio, anainuka kwenda mlangoni, anaanza kujitikisa kuliko kawaida yake. Hapo amekwambia hapana. Funga simu, mkanywe chai.

Jihadhari sana na "ndiyo". Watu wengi wenye ulemavu wa akili wamelelewa wakubaliane na kila mkubwa, maana kukataa kuliwaletea kelele au kiboko. Nilimwuliza mdogo wangu, "Ulipenda shule?" Akasema ndiyo. Baada ya muda nikamwuliza, "Shule ilikuwa mbaya?" Akasema ndiyo. Kosa lilikuwa la swali langu. Nikauliza tena, "Shuleni ulikuwa unakaa wapi?"

"Nje."

"Nje wapi?"

"Chini ya mwembe. Mwalimu alisema ngoja."

Miaka yote mimi nilijua tu kwamba aliacha shule. Sikujua habari ya mwembe.

Hatua ya tatu: chagua mahali, saa na watu wa kukaa naye

Usimwite ofisini, wala usimketishe kwenye kiti katikati ya sebule kama anayehojiwa na polisi. Sisi tulikulia kambini, baba akiwa askari, na ndiyo maana Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani kwetu. Mdogo wangu akiona mtu mwenye daftari na kalamu, ananyoosha mgongo na kunyamaza. Kwa hiyo tunatembea. Tunapita sokoni, tunapita kwenye kisima, tunapita nyuma ya ile nyumba tuliyokaa zamani, naye anasimulia anapoona. Mahali humkumbusha mtu mambo ambayo swali haliwezi kuyafikia.

Dakika ishirini zinatosha kwa siku moja. Awe amekula. Kama ana kifafa na anameza dawa zinazomletea usingizi, ngoja usingizi upite. Kwa mwenye usonji angalia kelele: spika ya duka la jirani, au hata jenereta, inaweza kumharibia siku nzima huku wewe huisikii tena kwa mazoea.

Mama akiwepo, atajibu yeye. Anajibu kwa upendo, miaka ishirini amekuwa mdomo wa mwanawe, na huwezi kumlaumu. Mtengee siku yake. Kaa naye, rekodi na yeye, maana ana mengi ya kusema juu ya usiku wa hospitali, fedha, na ndugu walioacha kumtembelea. Hadithi hiyo ni ya mama, iandikwe kwa jina la mama. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mama naye ana kitanda chake. Kwangu mimi dada, hili lilikuwa gumu kuliko yote, kukubali kwamba nimelala chumba kimoja na mtu tangu utotoni na bado si mimi wa kumsemea.

Hatua ya nne: uliza kidogo, ngoja sana

Ukimaliza swali, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Utaona ni muda mrefu mno, na utatamani kuliuliza tena kwa maneno mengine. Usifanye hivyo. Ukibadilisha maneno, kwake ni swali jipya, inambidi aanze upya kulielewa. Jibu la mwembe lilikuja baada ya kimya kirefu ambacho zamani ningekikatiza.

Uliza jambo moja kwa wakati mmoja. Anza na "nani", "wapi" na "nini". "Kwa nini" ni swali zito, liache mpaka mtu amezoea. Ukimpa machaguo mawili, angalia kama anachagua la mwisho kila mara. Kama ndivyo, yageuze uone. Picha husaidia kuliko maneno hapo.

Miaka na tarehe usimwulize. Tumia mambo yaliyotokea. Hapa kwetu kila mtu anakumbuka mwaka 2020, wakati wa korona, matrela yalivyojipanga barabarani yakisubiri madereva wapimwe. Shule zilifungwa Machi mwaka huo, na madarasa yote hayakurudi hadi Januari 2022. Namwuliza, "Ulianza nyanya kabla ya matrela mengi au baada?" Hapo hana wasiwasi hata kidogo: "Baada." Nyumbani kwako kutakuwa na alama zake: harusi ya dada, mafuriko, kuzaliwa kwa mtoto fulani, Krismasi ile ambayo mbuzi alikimbia.

Vitu navyo vinaongea. Mwombe alete kitu anachokipenda. Msichana mmoja wa Tororo mwenye ulemavu wa akili alileta sufuria iliyotoboka. Mama yake aliona aibu, akataka kuificha. Kumbe ndiyo sufuria aliyojifunzia kupika posho, yaani ugali, peke yake, na alituonyesha kwa mkono jinsi mwiko unavyokuwa mzito unga ukikaza, akikunja uso na kusukuma kwa nguvu zote. Hakusema zaidi ya maneno kumi. Tulipata ukurasa mzima.

Rekodi kwa simu, ukimwonyesha kwanza jinsi inavyofanya kazi na jinsi ya kuizima. Mwache aizime mwenyewe mara moja, ili ajue kwamba anaweza. Na mwache aongee lugha anayoongea. Mdogo wangu anachanganya Kiswahili cha kambini na Kisamia, na neno la Kiganda hapa na pale. Nikimsahihisha, ananyamaza.

Asiyezungumza

Hili nalisema peke yake kwa sababu wengi hukata tamaa hapa. Mtu asiyetoa maneno ana mambo ya kusema. Kijana mmoja mwenye usonji, asiyezungumza kabisa, alipewa simu ya kaka yake kwa siku tatu apige picha anazotaka. Alirudi na picha nyingi za magurudumu, mlango wa jikoni, paka, mikono ya bibi yake ikichambua maharage, na picha saba za ukuta mmoja. Familia ilitaka kuzifuta za ukuta. Kaka yake akaenda kusimama pale jioni, saa ileile iliyoandikwa kwenye picha, akaona jua likipenya kwenye matundu ya bati na kuchora vidoti vya mwanga ukutani. Ndipo wakajua jioni zote hizo alikuwa akienda wapi.

Zipange picha hizo pamoja naye, mwache aziweke kwa mfuatano anaoutaka yeye. Unaweza pia kutengeneza kadi: kata manila, bandika michoro au picha za watu na mahali anapopajua, na nyuso za furaha, hasira, woga na uchovu. Mkubaliane ishara ya ndiyo na ya hapana, kwa jicho, kwa kichwa au kwa mguu, chochote anachokimudu. Jibu lenye uzito liulize tena siku nyingine, kadi zikiwa zimebadilishwa nafasi.

Kuna jambo moja usilifanye, hata ukiona wengine wanalifanya kwa nia njema: kumshika mtu mkono ukiusaidia kuelekea kwenye herufi au kadi. Watafiti walipoipima njia hiyo waligundua kwamba maneno yalitoka kwa mshikaji, hata pale ambapo mshikaji mwenyewe hakujua. Ukimshika mkono, umerudi kumsemea.

Hatua ya tano: andika bila kupaka rangi

Sikiliza rekodi, andika kama ilivyo. Kisha punguza marudio yasiyo na kazi, panga kwa mfuatano anaoukubali, basi. Haya ndiyo mdogo wangu aliyosema mara ya kwanza, na ndivyo yalivyobaki:

"Mimi naamka mapema. Napanga nyanya. Nyekundu mbele. Kijani nyuma. Mtu akishika shika nyanya namwambia acha. Napewa elfu tatu. Nanunua soda, nyingine naweka kwa mama. Shule nilikaa nje. Mwalimu alisema ngoja. Nilingoja. Sasa mimi ni mkubwa. Singoji."

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mzuri anayeandika vizuri, aliyasoma akaniletea toleo lake: "Licha ya changamoto za ulemavu wake, kijana huyu shupavu amepambana na kuwa mfano wa kuigwa na jamii." Hakuna uongo hapo. Ila mdogo wangu hayumo. Neno "shupavu" linaweza kumkaa mtu yeyote, lakini "mtu akishika shika nyanya namwambia acha" ni yeye tu.

Kuna mitego miwili, na yote miwili nimeingia. Mmoja ni wa huruma, ambapo mtu anakuwa machozi na mateso matupu. Mwingine ni wa ushujaa, ambapo kufunga vifungo vya shati kunageuzwa muujiza. Mtu ana siku mbaya, ana chakula asichokipenda, ana mtu aliyemkasirikia. Mdogo wangu alitaka iandikwe kwamba hapendi binamu yetu mmoja. Tuliandika, jina tukaliacha kwa makubaliano.

Mkimaliza, msomee kwa sauti polepole, kipande kwa kipande. Kila kipande muulize, "Kibaki au kitoke?" Tumia jiwe na kikapu kama maneno yanamchosha: kinachobaki, jiwe linaingia kikapuni. Anaweza kutoa kipande ulichokipenda wewe kuliko vyote. Kitoe.

Mambo ya hatari

Kabla kitu hakijatoka nje ya familia, ondoa jina la shule, mtaa, njia anayopita na saa anazokuwa peke yake. Kwa msichana, uwe mkali mara mbili. Wapo watu wabaya wanaotafuta mtu ambaye wanadhani hataaminiwa akisema. Picha ya uso ni uamuzi tofauti na hadithi, nayo ina ruhusa yake. Picha za utupu, za kuogeshwa au za mtu akiwa katika kifafa zisitumike kamwe, hata kama shirika linalotaka kusaidia linaziomba.

Inatokea mtu akaanza kusimulia na likatoka jambo la kupigwa au kubakwa. Zima kinasa sauti. Usimhoji kama mpelelezi, na usimwambie "una hakika?" Mwambie umemsikia na kwamba si kosa lake. Usimwahidi kwamba utaificha, kwa maana itabidi umwambie mtu wa kusaidia. Kama limetokea siku hizi, mpeleke kituo cha afya haraka: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Polisi wana kitengo cha ulinzi wa familia na watoto, na simu ya watoto ya Sauti, namba 116, ni ya bure. Hadithi nyingine zote zingoje. Ile ya tukio hilo haichapishwi wala haisimuliwi mkutanoni. Iko kwenye mikono ya sheria na ya mhusika, na huenda ikabaki hapo daima.

Na fedha. Shirika au kituo cha redio kikimlipa mtu kuja kusimulia, malipo ni ya msimuliaji. Wewe uliyemsindikiza udai nauli.

Hatua ya sita: mpelekee watu wa kumsikiliza

Anzeni na wachache. Mdogo wangu alianza na mama, mimi, na mwanamke wa nyanya, jikoni, tukinywa chai. Alipomaliza, yule mwanamke hakusema kitu. Alisimama akamwongezea sukari. Ilitosha kumpa nguvu ya mara ya pili.

Baadaye kuna ukumbi wa kanisa, msikiti baada ya sala, mkutano wa kijiji kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji. Kwenye baraza la wilaya kuna madiwani wawili wanaowakilisha watu wenye ulemavu, na mmoja wao lazima awe mwanamke. Waombeni nafasi, kazi yao ni kuwasikiliza. Siku zinazofaa ni tarehe 21 Machi, siku ya hali ya Down duniani, iliyochaguliwa mwezi wa tatu tarehe 21 kwa sababu ya zile nakala tatu za kromosomu ya 21. Tarehe 2 Aprili, siku ya usonji. Na 3 Desemba, siku ya watu wenye ulemavu wote. Lakini ukingoja siku za sherehe pekee, mtu wako atasikika pale panapopigwa ngoma na kugawiwa fulana. Mimi huona mkutano wa wazazi shuleni siku ya kawaida una faida kubwa zaidi, maana mwalimu anayesikia neno "mwembe" anaweza kwenda kuangalia kesho yake nani amekaa nje ya darasa lake.

Nendeni ukumbini siku moja kabla. Akae kwenye kiti atakachokalia, ashike kipaza sauti, asikie sauti yake ikirudi. Kama hataki kuongea mbele za watu, rekodi ipigwe naye akiwa amesimama pale, au akiwa amekaa nyumbani. Mkubaliane ishara ya kusimama. Ya kwetu ni kunishika kiwiko. Akinishika, nasema "asanteni" na tunashuka, hata kama tumefika katikati ya sentensi. Maswali ya watu yapitie kwako kwanza, kisha uyaelekeze kwake kwa maneno mafupi. Mtu akikuuliza wewe, "Anaelewa?", mgeukie mwenyewe: "Wanauliza kama unaelewa." Mara zote nimeona ukumbi unanyamaza hapo.

Siku ya pili yake, rudi. Kusimulia kunachosha, na wakati mwingine mambo ya zamani huja usiku. Angalia kama amelala, kama amekula, kama anakwepa mahali fulani.

Hatua ya mwisho: mwachie nakala

Maneno yake yachapishwe kwa herufi kubwa, sentensi fupi, na picha alizochagua, halafu apewe yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Duka la kuchapisha hapa mjini lilituwekea kurasa sita kwenye plastiki ngumu ili mvua isiziharibu. Yeye anaziweka ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, chini ya mto wa kulalia. Anaamua nani azione. Kuna mgeni mmoja wa heshima aliyeomba kuziona mwezi jana, akaambiwa hapana, na mama akaomba radhi, nami nikamwomba mama asiombe radhi.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu aliniletea zile kurasa akisema ziko pungufu. Ameanza kupanga na maembe sasa, na maembe hayapangwi kwa rangi. Unayabonyeza kidogo karibu na kikonyo. Alinishika kidole akanionyesha kiasi cha kubonyeza. Tumeandika ukurasa wa saba.